Dawa Haikatai Mtu

Katoma, Bukoba
11 Februari 2024

Mpendwa Prudencia,

Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, ingawa habari nilizonazo zinasema vingine. Sisi huku tunasogeza siku. Mvua zilizidi, migomba ya upande wa bondeni imeshikwa na mnyauko, nimekata mashina mengi na kuyachoma. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mtoto wa Teodora amebatizwa Jumapili iliyopita, amepewa jina la babu yako, na alilia mpaka padri akacheka. Watu waliuliza uko wapi. Nikasema kazi za kiwandani zimekubana. Sijui kama nilisema kweli au nilidanganya mbele ya kanisa.

Naandika kwa sababu simu yako hainipokei. Nikipiga kwa simu ya Teodora unapokea. Nikipiga kwa yangu naambiwa hupatikani. Umenizuia, mimi niliyekutoa msibani kwa baba yako nikakulea pamoja na binti yangu Teodora bila kuwatenga kwa sahani wala kwa kitanda.

Sasa sikiliza. Teodora alipokuja kwako Krismasi aliona mambo. Anasema kila asubuhi unakwenda kutapika. Macho yamevimba. Na hospitali wamekwambia ile saratani ya damu imeanza kupanda tena. Imepandaje? Miaka minne unapewa vidonge, unapewa bure, na daktari wa kwanza alisema mbele yangu kwamba ukivimeza kila siku utazeeka kama watu wengine. Vilishusha ugonjwa mpaka mashine ikawa haiuoni. Leo umepanda. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hiyo ni hesabu ya darasa la pili: umeacha kumeza.

Na najua kwa nini. Mwanamke anatapika asubuhi, mchumba yupo, na vidonge vyenyewe daktari alisema haviendi pamoja na mimba. Unataka mtoto wa Obedi kabla watu wake hawajafika hata mlangoni kwangu.

Dawa haikatai mtu, Prudencia. Mtu ndiye anayeikataa dawa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na wapi nimeliona si lazima nikwambie.

Rudi nyumbani. Utameza mbele yangu, nami nitakukagua kinywa. Ukikataa, usitegemee kwamba nitanyamaza.

Shangazi yako,
Celestina


Kitangiri, Mwanza
3 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imekuja na meli, ikakaa kwa karani wa bandarini mpaka nilipopata nafasi ya kuifuata. Pole kwa migomba. Mpe Teodora hongera ya ubatizo, na mwambie kwamba aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu hatoki na habari za chooni.

Mimi naenda kazini. Sangara wamepungua ziwani, siku nyingine malori yanachelewa na sisi wakaguzi wa ubora tunasimama kwenye baridi ya chumba cha minofu tukiangalia meza tupu.

Sina mimba. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua hutaridhika.

Vidonge vyenyewe ndivyo vinavyotapisha. Ukivimeza bila chakula cha kutosha tumbo linageuka, na siku nyingine hata chakula hakisaidii. Macho huvimba kwa sababu yake hiyo hiyo. Misuli ya miguu hukakamaa nikiwa kwenye mstari wa kazi, nauma meno ili msimamizi asinione. Yote haya yalianza mwaka wa kwanza. Teodora hakuyaona mapema kwa sababu kabla ya Krismasi hakuwahi kulala kwangu. Wewe hukuyajua kwa sababu kila uliponipigia ulikuwa na swali moja, "Umemeza?", kwa sauti ya polisi. Hukuwahi kuniuliza vinanifanyaje. Ndiyo maana nikaizuia simu.

Ugonjwa umepanda, ni kweli. Ulianza kupanda Novemba. Dk. Luhende wa kliniki ya damu naye aliuliza kama nimeruka dozi, lakini yeye aliuliza, hakuhukumu. Nikamjibu sijaruka. Akauliza tena kwa namna nyingine, nikamjibu vilevile. Mwisho akasema, "Basi tuuhoji ugonjwa wenyewe." Wamechukua damu, imepelekwa nje ya nchi kwa kipimo ambacho hapa hakifanyiki. Majibu yatachelewa.

Kuhusu Obedi: ugonjwa wangu anaujua tangu mwanzo, nilimwambia kabla hajanishika mkono. Mama yake hajui. Obedi ameomba amwambie yeye mwenyewe baada ya Pasaka, kabla hawajaja kwako kujitambulisha. Hilo ni la Obedi na mama yake. Nakuomba kwa heshima zote usiliguse.

Prudencia


Katoma, Bukoba
24 Machi 2024

Prudencia,

Marahaba. Tumetoka kwenye misa ya Matawi sasa hivi na nimeona nikujibu kabla sijabadili nguo. Ndama anakua. Kahawa imeanza kuonyesha maua. Teodora amenuna kwa ulivyomsema.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika vizuri. Waongo wa dawa huandika vizuri, na wakisema husema vizuri zaidi. Nimewahi kukaa na mmoja chini ya paa langu. Anatia kidonge mdomoni, anakunywa maji, koo linapanda na kushuka, kisha anafungua kinywa: "Ona." Unaona kinywa kitupu, unashukuru Mungu, unakwenda shambani. Sitakutajia ni nani.

Damu kupelekwa nje ya nchi kuuliza kitu ambacho mwenye damu anakijua! Mawe! Haya, wakuulizie.

Wiki hii nilikuwa Kamachumu. Kuna watu nilitaka kuwaona. Njia imeharibika sana upande wa mlimani, nimerudi na maumivu ya kiuno.

Nakutakia Pasaka njema.

Shangazi yako


Kitangiri, Mwanza
28 Aprili 2024

Mwalimu Celestina,

Shikamoo siiandiki. Nikiiandika itakuwa uongo, nawe umeshaniita mwongo vya kutosha.

Nakueleza kilichotokea, maana nadhani ungependa kujua kazi yako ilivyokwenda. Obedi alinisubiri nje ya geti la kiwanda zamu ilipoisha. Alikuja na kaka yake, mtu mzima anakuja na kaka yake kuzungumza na mchumba wake. Nilikuwa bado nimevaa mabuti.

"Prude, mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Shangazi yako alikuja nyumbani Kamachumu. Alikaa sebuleni, akasema una saratani ya damu na umeacha dawa makusudi ili ubebe mimba, nisiweze kurudi nyuma. Alisema, 'Mkimwoa, mtazika mwaka huu huu.'"

Nikamuuliza, "Na wewe ulisema nini?"

Akasema, "Ni shangazi yako, Prude. Ndiye aliyekulea. Angesema uongo juu ya mtoto wake mwenyewe ili iweje?"

Kaka yake akamshika bega wakaondoka. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanatoka, wote wamesikia. Kesho yake mmoja alihamisha kikombe chake kabatini kisikae karibu na changu, kana kwamba saratani inaambukiza kwa chai.

Nilikuomba kwa heshima usiliguse. Barua yangu ilikufika, maana uliijibu. Ulikaa ukaandika juu ya ndama na kiuno na njia mbovu ya Kamachumu, na ulikuwa umeshamaliza. Kisha ukanitakia Pasaka njema.

Hali yangu, kama unaiulizia, ni hii: seli nyeupe zinapanda. Daktari aliongeza dozi ya vidonge vile vile, nikatapika zaidi, na hazikushuka. Bandama imevimba, naigusa chini ya mbavu za kushoto, ngumu. Sishibi, naonja chakula tumbo linajaa. Nimeondolewa kwenye chumba cha baridi, nimewekwa mezani. Majibu ya kipimo bado.

Usiniandikie tena.

P.


Katoma, Bukoba
19 Mei 2024

Prudencia,

Umenikataza kuandika na mimi naandika. Ukitaka ichane.

Salamu za nyumbani sina. Mvua imekatika mapema. Teodora analia kila akitajiwa jina lako.

Umeniita mwalimu. Basi kaa chini nikufundishe, maana naona umri umekutosha.

Baba yako hakufa kwa nimonia.

Alikuwa na UKIMWI, kama mama yako. Mama yako alikufa wakati dawa hakuna, hatukuwa na cha kumlaumu. Baba yako dawa zilimkuta. Zilipoanza kutolewa bure nilimpeleka mimi mwenyewe, nikakaa naye kwenye benchi mbele ya watu wote wanaonijua, wazazi wa watoto ninaowafundisha. Sikuona haya. Projest akanenepa. Akarudi shambani, akaezeka upya banda la kahawa, akaanza tena kuimba kwaya. Wewe unakumbuka, ulikuwa unakimbia mbele yake njia nzima ya kanisani.

Kisha akaanza kushuka. Nikamuuliza, "Projest, unameza?" Akasema, "Nameza, dada." Nikamwambia afungue kinywa, akafungua. Kila siku alifungua. Wauguzi wakasema labda dawa imemkataa. Nami nikaamini, nikawa natembea natangaza kwamba ndugu yangu amekataliwa na dawa.

Tulipomzika nikaingia chumbani kwake kutoa kitanda. Nyuma ya kitanda kulikuwa na tundu kwenye ukuta wa udongo. Vidonge vilijazwa humo mpaka vikashikamana kwa unyevu. Nilivitoa kwa kijiko, nikavichoma pamoja na godoro kabla hujarudi kutoka shule. Hakuna aliyeniona, na mpaka leo sijamwambia mtu, hata Teodora.

Sasa unanielewa? Una macho yake yale yale. Ukiniambia "nameza" namsikia yeye. Siwezi kusimama tena juu ya kaburi nikiwa mjinga niliyekagua kinywa. Na kama watu wa Kamachumu wangekuchukua bila kujua, ukafa mikononi mwao, wangesema ukoo wetu umewauzia maiti.

Sijutii kwenda. Ningeweza ningekwenda tena.

Celestina


Kitangiri, Mwanza
14 Julai 2024

Kwako Shangazi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mama yangu asingependa niyaandike kwa mtu mzima.

Uliniambia nimonia. Kila hospitali niliyokwenda wakaniuliza wazazi walifariki kwa nini, nami nikajibu kwa kujiamini, nimonia, nimonia. Ukweli uliukalia miaka yote hii, na siku ulipoutoa hukunipa kwa sababu ni baba yangu na nina haki ya kujua. Umenitupia kama anayemtupia mbwa mfupa ili aache kubweka.

Nitamlilia kwa wakati wangu. Leo nakuandikia jambo jingine.

Majibu yamerudi. Dk. Luhende aliniita ndani akafunga mlango, akanichorea kwenye karatasi. Ugonjwa wangu unatokana na kitu kimoja ndani ya seli ya damu, mfano wa swichi iliyokwama, haizimiki, kwa hiyo seli zinazaliana bila kuambiwa basi. Vidonge vyangu vilitengenezwa vikaishike swichi ile tu. Havipigi mwili mzima kama dawa nyingine za saratani, ndiyo maana nywele zangu unaziona kichwani. Lakini baadhi ya seli zimebadilika umbo mahali pale pale dawa inaposhika. Dawa inafika, haina pa kushika. Zile za kawaida zikafa, zilizobadilika zikabaki zinazaana peke yao. Kipimo kimetaja hata badiliko lenyewe ni lipi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ningeendelea kumeza hivi hivi?"

Akasema, "Ungemeza kopo zima kwa wakati mmoja, Prudencia, isingesaidia kitu."

Kuna dawa ya pili, ya ukoo ule ule lakini imeundwa tofauti kidogo, na kwa badiliko langu bado inashika. Wameniombea nipewe. Ikifika nitaanza mara moja, na masharti yake ni magumu kuliko ya kwanza.

Ulisema dawa haikatai mtu. Imenikataa. Ulivyokwenda Kamachumu kusema, rudi ukaseme na hili. Kaa sebuleni pale pale, kwa sauti ile ile. Sitaki kurudishiwa Obedi. Nataka neno ulilolitia mule ndani ulitoe mwenyewe kwa mdomo wako.

Mpaka hapo hatuna la kuandikiana.

Prudencia


Katoma, Bukoba
29 Septemba 2024

Prudencia,

Nusu ya safari yangu unaijua kwa kuwa ulikuwepo. Nakuandikia yote, kwa sababu ulichokiona wewe benchini si nilichokiona mimi.

Barua yako ya Julai sikuijibu kwa sababu sikuiamini. Karatasi zinaandikwa na watu. Nikasema nitakwenda nimuulize huyo daktari uso kwa uso, bila kukwambia, nisije nikakuta mmepanga maneno. Nikapanda meli, nikafika Mwanza asubuhi, nikaulizia mpaka kliniki ya damu kule mlimani. Kumbe ilikuwa siku yako ya kliniki; ukaniona. Ukageuza uso ukatazama ukuta. Umekonda, Prudencia. Mifupa ya shingo inaonekana. Hilo hukuniandikia.

Nilikuwa nimekubebea ndizi na samaki kwenye hotipoti. Nikakufungulia, ukasema, "Siruhusiwi kula sasa." Nikadhani ni chuki. Ukakaa hivyo hivyo, harufu ya samaki puani, midomo imekauka, unatazama saa ya ukutani. Muda ulipofika ukatoa dawa yako mpya, ukameza, na bado hukula, unasubiri tena. Yule mwanamke aliyekaa kando yetu ndiye aliyeniambia kwamba hii ya pili inamezwa tumbo likiwa tupu, asubuhi na jioni, na ukiimeza na chakula inaweza kudhuru moyo.

Kisha tukaitwa. Daktari akauliza mimi ni nani. Ukasema, "Ni mtu aliyenilea. Mwambie yote, asije akasema nilificha."

Nilimuuliza mbele yako, na sikuficha nilichokuja kutafuta. "Daktari, hicho kipimo cha nje kinathibitisha kwamba huyu alikuwa anameza?"

Akasema, "Hapana, mama. Kipimo kinaonyesha ugonjwa umebadilika. Wapo wanaobadilikiwa kwa sababu ya kurukaruka dozi, wapo wanaobadilikiwa na hawakukosa hata siku moja. Kipimo hakiwezi kuapa kwa niaba ya mtu."

Nikakutazama. Hukushtuka. Nikajua kwamba ulikuwa umeambiwa hilo tangu Julai na hukuniandikia. Nakwambia kweli, pale nilihisi nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

Ndipo akauliza, "Kwani mama, nini kilikufanya udhani ameacha?"

Nikamwambia: kutapika, macho kuvimba.

Yule daktari kijana akavua miwani. Akasema, "Asiyemeza dawa ile havimbi macho kwa ajili yake, mama. Hatapiki kwa ajili yake. Kila alipokuja hapa kwa miaka minne nimemkuta na macho yale, na nimeyaandika. Kwangu mimi mgonjwa mwenye macho yale ni mgonjwa anayemeza. Wewe uliona ushahidi wake ukausoma kichwa chini."

Ukanyanyuka ukatoka, ukaniacha mle ndani. Nilipokutafuta nje ulikuwa umeshaondoka. Hotipoti niliikuta benchini, haijaguswa. Nikalala kwa masista, nikarudi na meli.

Nimekwenda Kamachumu. Nilikaa kwenye kiti kile kile. Nikasema: mtoto wangu hakuacha dawa, hakuwa na mimba, dawa ndiyo iliyoshindwa na amepewa nyingine, na niliyosema Machi hayakuwa kweli. Obedi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mara ya kwanza ulikuja bila kuitwa, na leo umekuja bila kuitwa. Tukuamini safari ipi?" Hakunipa hata maji. Nimetembea mpaka barabarani na kiuno changu.

Sikuombi kitu. Uliagiza neno litolewe, limetolewa.

Msimu wa senene ukianza nitakutumia waliokaangwa.

Shangazi Celestina


Kitangiri, Mwanza
24 Novemba 2024

Shangazi,

Natumaini hujambo, na kiuno kimepoa. Huku mvua za vuli zimeanza, maji yanateremka kwenye mawe ya mlimani kwa kelele mpaka hatusikiani majirani. Kiwandani nimerudishwa kwenye mstari wa minofu. Kikombe cha yule mwenzangu kimerudi kabatini karibu na changu.

Dawa ya pili imeshika. Kipimo cha mwezi uliopita kimeshuka sana, bandama imerudi ndani, nakula nashiba. Dk. Luhende hakushangilia. Alisema nayo inaweza kupitwa siku moja kama ya kwanza ilivyopitwa, kwamba ugonjwa huu haulali, nasi hatutalala. Nimeelewa. Naishi nikiangalia saa, nafunga, nameza, nasubiri, ndipo nakula.

Obedi amekuja. Safari hii alikuja peke yake. Akasema, "Mama amelainika." Nikamwambia, mimi sikukataliwa na mama yako peke yake. Akasema alikuwa amechanganyikiwa. Nikamwambia swali lilikuwa fupi, lilikuwa maneno mawili, "Prude, ulimeza?", na hata mtu aliyechanganyikiwa angeweza kuliuliza. Akanywa chai yake, akaenda. Sikulia alipokuwepo.

Kamachumu ulikwenda, najua, yeye mwenyewe alinisimulia. Sikushukuru. Ulilitupa jiwe kwenye nyumba ya watu ukarudi kuliokota. Dirisha bado limevunjika.

Na ni kweli nilijua kwamba kipimo hakiapi. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka, kwa mara moja tu katika maisha yangu, uniamini bila cheti. Ulipanda meli kufuata cheti.

Senene nimewapata. Nimempa Dorcas, jirani yangu, na watoto wake. Si kwa ajili ya masharti ya dawa.

Nitakuja Katoma mwezi ujao, wiki ya kabla ya Krismasi. Sitafikia kwako. Nitalala mjini, nitapanda siku ya pili asubuhi moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la baba. Sijawahi kusimama pale nikijua alikufa kwa nini.

Umeniandikia ukuta, umeniandikia tundu, umeniandikia na kijiko ulichovitolea. Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko unavyodhani, natafuta sentensi moja na haimo. Kila siku ulimwambia afungue kinywa. Mimi vidonge navijua. Najua mtu akikishika kimoja mkononi asubuhi, tumbo limeshaanza kugeuka kabla hajakitia mdomoni, anavyotamani ukuta ufunguke ukipokee. Alikuwa anatapika? Aliota ndoto mbaya? Aliona haya kwenye lile benchi ambalo wewe hukuona haya kulikalia? Kuna mtu yeyote katika nyumba ile, hata siku moja, aliyeacha kukagua kinywa chake akamuuliza, "Projest, zinakufanyaje?"

Ukitaka kuja kaburini, njoo na jibu la hilo. Rozari iache nyumbani, na Teodora mwache nyumbani. Kama jibu huna, usije. Nitamuuliza mwenyewe.

Prudencia Projest